Bunduki ya misumari: tuanze na msumari wenyewe

Miongoni mwa barua zilizofika mezani pangu mwezi huu imo moja iliyoandikwa na mama mmoja wa Mbagala, mke wa seremala. Anasema mumewe na wenzake watatu, ambao kazi yao ni kuezeka nyumba kwa mapatano, wamekuwa wakiweka akiba tangu mwaka jana, kila mmoja kwa kadiri ya ujira wake. Fedha hizo anazitunza yeye mama, kwani ndiye waliyemwamini. Sasa wanaume hao wanazitaka. Wameona duka moja Gerezani linalouza bunduki ya misumari, ile mashine ipigiliayo misumari kwa nguvu ya hewa, na muuzaji amewaambia kwamba mtu mmoja mwenye bunduki hiyo hufanya kazi ya watu wanne wenye nyundo. Mama anauliza mambo mawili. Je, maneno hayo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, hao watu watatu waliobaki watafanya kazi gani?

Swali hilo la pili lilinichekesha nilipolisoma mara ya kwanza. Nilipolisoma mara ya pili sikucheka tena, maana hilo ndilo swali ambalo muuzaji hakuulizwa pale dukani. Nitalifikia. Nimeona nijibu hapa gazetini badala ya kumwandikia mama peke yake, kwa sababu mashine hizi sasa ni nyingi madukani, mpya kutoka China na zilizokwisha tumika kutoka Ulaya, Japani na Marekani. Najua kwamba leo Jumapili katika nyumba nyingi yupo fundi anayeitamani na yupo mama aliyeushika mfuko.

Kwanza tuijue mashine yenyewe. Ndani yake mna silinda na pistoni yenye ulimi mrefu wa chuma. Kompresa hushindilia hewa katika tangi, hewa hupita katika mpira mpaka kwenye bunduki, na kifyatuo kinapovutwa hewa huisukuma pistoni kwa ghafula. Ulimi hugonga kichwa cha msumari, na msumari wote huzama ubaoni kwa pigo moja. Kisha pistoni hurudi, na msumari mwingine husogea mahali pake. Ndani ya bunduki hamna baruti wala umeme. Uzito wake, kwa aina inayotumika kujengea fremu za nyumba, ni kilo 3.5 hadi 4, na misumari haijatiwa bado. Ushike uzito huo kwa mkono mmoja juu ya kenchi tangu saa mbili hadi saa sita mchana, nawe utajua kwamba nyundo ilikuwa rafiki.

Mashine hii ilikua katika nchi ambako nyumba ya kawaida ni ya mbao. Marekani na Kanada, kuta za nyumba nyingi, sakafu zake na paa lake huundwa kwa fremu za mbao zilizofungamanishwa kwa maelfu ya misumari. Fundi wa huko hupigilia msumari wa aina moja mchana kutwa. Tena ubao wa huko uitwao mbili kwa nne haufiki inchi mbili kwa nne. Ukishakaushwa na kupigwa randa hubakia milimita 38 kwa 89, na bunduki imetengenezwa kwa ubao huo. Ubao wetu wa mbili kwa nne, utokao Sao Hill na mashamba mengine ya misindano, aghalabu huuzwa kama ulivyotoka kwenye msumeno, na unene wake hukaribia milimita 50, iwapo mpasuaji hakukupunja.

Tofauti hiyo ya milimita 12 si ndogo kama inavyoonekana. Bunduki nyingi za kazi hii hula misumari ya milimita 50 hadi 90, yaani inchi 2 hadi inchi 3 na nusu, na hapo ndipo ukomo wake. Sasa chukua maungio ya kenchi ambapo mbao mbili za milimita 50 zimelazwa ubavu kwa ubavu. Msumari wa milimita 90 utapita ubao wa kwanza na kuingia wa pili kwa milimita 40 tu. Fundi wako wa nyundo hutumia msumari wa inchi 5, ambao ni kama milimita 125. Huo hupita mbao zote mbili na kuchungulia upande wa pili kwa milimita 25, naye huikunja ncha na kuilaza. Msumari uliokunjwa hivyo hauchomoki kwa urahisi. Bunduki haiwezi kufanya kazi hiyo, hata ikiwa mpya na ya bei ya juu.

Unene nao ni jambo la kutazamwa. Msumari wa kawaida wa bunduki una kipenyo cha milimita 3.1 au 3.3, ilhali msumari wa nyundo wa inchi 4 huwa na milimita 4 au zaidi. Kanuni za ujenzi za Marekani zinaitambua tofauti hiyo. Katika kuungamisha nguzo ya ukuta na ubao wa juu yake, pale panapotosha misumari 2 minene ya milimita 4.1, hutakiwa misumari 3 ile myembamba ya bunduki. Kwa hiyo fundi anayebadili nyundo kwa bunduki, kisha akaendelea kuhesabu misumari miwili miwili kama alivyozoea, anampa mwenye nyumba paa dhaifu kuliko lile alilompa mwaka jana. Kwa macho hutaona tofauti yoyote.

Nalisema hili kwa uzito kwa sababu sisi wa pwani tunajua upepo unavyolitenda paa. Upepo mkali hulinyanyua kutoka chini na kulivuta kutoka juu, na kinachoshindana nao ni ule urefu wa msumari uliong'ang'ania ndani ya mti. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotua Mafia, watu wengi wa mwambao walilala wakisikiliza mabati yao. Mahali pa kwanza pa kuogopwa ni pale papi inapokaa juu ya kenchi. Papi ikiwa na milimita 50, msumari wa bunduki utashika milimita 40 za kenchi, na ni mwembamba. Paa la namna hiyo halifai kwa familia ya mtu.

Je, basi bunduki haina kazi kwetu? Inayo. Itumie kushikiza papi mahali pake haraka, kisha nyundo ifuate na misumari minene. Hapo utafurahi, kwa kuwa bunduki haiutikisi ubao, na mkono mmoja uliobaki unaweza kuuweka ubao sawasawa. Inafaa pia kwa fisha bodi, ambayo ni nyembamba, kwa mbao za muda za kuzuia kenchi zisilale, kwa uzio wa mbao, kwa vibanda, na kwa makreti na paleti za kubebea mizigo. Mama, kama mumeo na wenzake wangekuwa na oda ya paleti, nisingeandika barua ndefu hivi. Paleti moja yenye mihimili 3 na mbao 12, juu na chini, misumari 2 kila zinapokutana, inakula misumari 72. Paleti 100 ni misumari 7,200. Hapo nyundo imeshindwa na hakuna haja ya ubishi, ingawa bunduki ya kazi hiyo ni ile ndogo ilayo misumari ya roli.

Kwa dari nasita kidogo, kwa sababu ya uzito ule niliousema na kwa sababu mtu yuko juu ya ngazi akitazama juu. Kwa mbao za kufungia zege nasema moja kwa moja kwamba haifai. Misumari mingi ya bunduki hupakwa gundi ambayo hupata moto wakati wa kuingia na kuushika mti kwa nguvu. Sisi mbao za zege huzibandua na kuzitumia tena, na misumari tunainyoosha. Jaribu kuing'oa ile yenye gundi, ambayo kichwa chake kimezama sawa na uso wa ubao, uone kama utabakiwa na ubao au na kuni.

Sasa, ikiwa kazi ya kuifaa ipo, uchaguzi uanzie kwenye boksi la misumari. Bunduki haili misumari ya kilo tuliyoizoea. Inakula misumari iliyopangwa katika mkanda au katika roli, na kila bunduki ina mwinamo wake. Zipo za nyuzi 21, ambazo misumari yake hushikwa kwa plastiki na huwa na kichwa kamili cha mviringo. Zipo za nyuzi 28, zilizoshikwa kwa waya mwembamba. Zipo za nyuzi 30 hadi 34, zilizoshikwa kwa karatasi, na nyingi kati ya hizo huwa na kichwa kilichokatwa upande mmoja ili misumari ikaribiane. Halafu zipo za roli, za nyuzi 15, ambazo hubeba misumari 200 au 300 kwa mara moja badala ya 60 au 70, lakini uzito nao huongezeka. Msumari wa nyuzi 21 hauingii katika bunduki ya nyuzi 34, hata ukiubembeleza.

Mimi ningechagua kichwa kamili. Katika baadhi ya sehemu za Marekani zenye vimbunga au matetemeko ya ardhi, kichwa kilichokatwa hakiruhusiwi kwa kazi fulani za ujenzi, na sababu yake ni nyepesi kuelewa: kichwa kidogo hupenya ubao mwembamba kwa urahisi zaidi unapovutwa. Lakini kabla ya kunifuata mimi, nenda katika maduka matatu tofauti uulize kila moja lina misumari ya nyuzi ngapi, ya urefu gani, na kama wanayo wakati wote au ililetwa mara moja tu. Bunduki inayoungwa mkono na duka moja ni mateka wa duka hilo. Nunua boksi moja la misumari kabla ya bunduki. Likipatikana kwa shida, umeokoa fedha zako. Kisha gawanya bei ya boksi kwa idadi ya misumari, ulinganishe na msumari mmoja wa ile inayopimwa kwa kilo. Andika hesabu hiyo kwenye karatasi, wenzako wote wanne waione.

Kuhusu mashine zilizokwisha tumika, nitasema machache. Bunduki nzuri ya zamani ni bora kuliko mpya dhaifu, kwa kuwa kinachochakaa zaidi ni zile oringi za mpira, na ulimi wa pistoni unaogonga misumari. Ulimi ukiwa umeliwa nchani, misumari huinama. Uliza vipuri hivyo vipo wapi. Ile iliyotoka Marekani huweza kuwa na hesi ya Kimarekani mahali pa kuingizia hewa, na ukiilazimisha katika kiungio chenye hesi ya Kiingereza itavuja daima. Lakini kosa la gharama kubwa ni kununua na kompresa yake. Ya huko ni ya volti 120, na ukutani kwetu mna volti 230. Itaunguka siku ya kwanza, pengine kabla chai haijapoa.

Nimefika mahali ambapo ningependa mama awasomee wote wanne kwa sauti. Ni habari ya kifyatuo.

Kila bunduki ya aina hii ina mdomo wa usalama, kile chuma cha mbele ambacho hakina budi kugandamizwa kwenye ubao ndipo msumari utoke. Tofauti iko katika namna mdomo huo unavyoshirikiana na kifyatuo. Aina ya kwanza ni ya hatua kwa hatua. Unaweka mdomo kwenye ubao, unavuta kifyatuo, msumari mmoja unatoka, na mwingine hautoki mpaka uachie vyote viwili na kuanza upya. Aina ya pili ni ya kugonga. Unashikilia kifyatuo kwa kidole muda wote, na kila mdomo unapogusa kitu msumari unatoka. Aina hii ya pili ndiyo wauzaji wanayopenda kuionyesha. Ta-ta-ta, misumari 5 katika kufumba na kufumbua, na wateja hupiga makofi.

Miaka kadhaa iliyopita niliingia katika karakana moja ya makreti, sitaitaja. Kijana alikuwa akipigilia kwa bunduki ya kugonga, mkono wa kushoto umeshikilia ubao. Bunduki iliposhtuka kwa ule mrudisho wake iliruka kidogo, ikatua tena, na kidole kilikuwa bado kwenye kifyatuo. Msumari wa pili, ambao hakuna aliyeuita, ulipita kati ya kidole gumba na cha shahada ukaushona mkono wake kwenye ubao. Hakupiga kelele. Alisimama akiutazama. Wenzake ndio waliopiga kelele.

Tukio lile halikuwa bahati mbaya ya mtu mmoja. Katika miaka ya 2001 hadi 2005, wastani wa watu kama 37,000 kwa mwaka walitibiwa katika vyumba vya dharura vya hospitali za Marekani kwa majeraha ya bunduki za misumari. Mwaka 2011 idara mbili za serikali ya huko zinazoshughulikia usalama kazini zilitoa mwongozo kwa wakandarasi, na humo zilieleza kwamba hatari ya kuumia kwa bunduki ya kugonga ni mara mbili ya ile ya hatua kwa hatua. Zilieleza pia kwamba miongoni mwa vijana wanaojifunza useremala wa nyumba, 2 kati ya kila 5 walikuwa wamejeruhiwa katika miaka minne ya mafunzo yao. Zaidi ya nusu ya majeraha yaliyoripotiwa yalikuwa ya mikono na vidole.

Na ile kasi je? Walipima. Mafundi wenye uzoefu walipewa bunduki za aina zote mbili wajenge kibanda kilekile. Ile ya kugonga iliokoa kama asilimia 10 ya muda wa kupigilia. Lakini walipohesabu muda wote wa kujenga, pamoja na kupima, kukata, kubeba na kusimamisha, tofauti haikufika asilimia 1. Fundi mwenyewe alikuwa sababu kubwa zaidi ya kasi kuliko kifyatuo. Kwa kazi ya saa nane, asilimia 1 haifiki dakika 5. Mtu hahitaji kuwa mwanahesabu kuona kama dakika 5 zinalingana na kidole cha shahada.

Dukani jaribu hivi. Omba kipande cha ubao kinene, vaa miwani ya kinga, na watu wasisimame mbele. Elekeza mdomo mbali na kila mtu, vuta kifyatuo kwanza ukishikilie, kisha ndipo ugandamize mdomo kwenye ubao. Msumari ukitoka, hiyo ni ya kugonga. Usipotoka, ni ya hatua kwa hatua, nayo ndiyo ya kununua. Bunduki nyingine huuzwa na vifyatuo viwili katika boksi moja, au na kiswichi cha kubadilishia. Hizo zinafaa ikiwa mmekubaliana kabisa kwamba kile cha pili kitakaa nyumbani katika kabati la mama. Muuzaji akisema mdomo wa usalama unaweza kufungwa kwa waya ili kazi iende upesi, toka katika duka hilo.

Tuje kwenye hewa. Bunduki hizi hutaka msukumo wa bar 5 hadi 8, yaani takriban paundi 70 hadi 120 kwa inchi ya mraba. Kila msumari hutumia lita 2 hadi 3 za hewa ya kawaida. Tangi la lita 50 likiwa na bar 8, mpaka lishuke kufikia 5, limetoa lita 150, basi unapata misumari 50 hadi 75 kabla kompresa haijalazimika kufidia. Kompresa ya nguvu-farasi 2 inatosha kwa bunduki moja. Shida yetu ni nyingine: nyumba inayoezekwa aghalabu bado haina umeme. Utaomba kwa jirani, na jirani atakuuliza habari ya luku yake. Ama utakodi jenereta, nayo iwe kubwa kuliko unavyodhani, kwa maana mota inapoanza kuzunguka hudai umeme mwingi mara kadhaa kuliko inapokwisha kushika mwendo. Gharama hiyo iingizwe katika hesabu ya kila paa.

Hapa nina onyo ambalo sitaki mtu alisahau. Karibu na seremala mara nyingi yupo mchomeleaji, na mchomeleaji ana mtungi wa oksijeni. Siku kompresa itakapoharibika, mtu mwerevu atasema tuunge mpira kwenye mtungi huo, hewa ni hewa. Si kweli! Oksijeni katika bunduki yenye mafuta hulipuka. Mtungi wa gesi yoyote usiunganishwe na bunduki ya misumari, siku yoyote, kwa sababu yoyote.

Utunzaji wake hauna makuu. Hewa yetu ya pwani ina unyevu, na unyevu hugeuka maji ndani ya tangi. Kila jioni fungua kile kizibo cha chini maji yatoke, la sivyo tangi litaoza kutoka ndani nawe huoni. Bunduki nyingi huhitaji matone machache ya mafuta yake kila asubuhi. Msindano ni laini, hivyo punguza msukumo ili kichwa kisizame na kukata nyuzi za ubao. Kwa mninga na mkongo uliokauka, msumari ukibaki nusu nje umalizie kwa nyundo, wala usiongeze msukumo kupita kiwango kilichoandikwa kwenye bunduki. Anayeshika ubao aweke mkono mbali na mdomo kwa sentimita 30. Miwani ni lazima, na masikio yakingwe, kwani mlio wake ni mkali ingawa ni mfupi. Mpira wa hewa uchomolewe kabla ya kuzibua msumari uliokwama, na kabla ya kupanda au kushuka ngazi.

Na msumari ukimwingia mtu, asiung'oe mwenyewe kwa koleo. Mara nyingi huwa na vipande vya ule waya au plastiki vinavyobaki ndani, na wakati mwingine umegusa mfupa. Mpelekeni hospitali ukiwa ulivyo, na aulizwe habari ya chanjo ya pepopunda.

Lipo jambo ambalo mama hakuliuliza ila naliona kati ya mistari. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008, humfidia mfanyakazi aumiaye kazini, na mchango wake hutolewa na mwajiri. Marafiki wanne wanaopatana paa kwa paa na wenye nyumba hawana mwajiri wa kuwachangia. Mkono mmoja ukiumia, wa kuulipia ni mfuko uleule alioushika mama. Kwa hiyo ningeshauri kwamba, kabla ya kununua lolote, sehemu ya akiba itengwe kwa siku ya namna hiyo, na isiitwe fedha ya bunduki.

Sasa nalijibu lile swali lililonichekesha. Bunduki haifanyi kazi ya watu wanne. Inafanya kazi ya kupigilia tu, na kupigilia ni sehemu moja ya kuezeka. Bado yupo wa kupima na kukata, yupo wa kupandisha mbao, yupo wa kuzishika zikae wima, na hao ndio watatu wako. Lakini lipo la kuwauliza wao, mama, jioni moja wakiwa wamekaa. Mwaka uliopita waliezeka nyumba ngapi? Na zile walizozikosa, walizikosa kwa sababu walikuwa wakichelewa kumaliza, au kwa sababu hapakuwa na mtu wa kuwapa kazi? Ikiwa walichelewa na kazi zikawapita, mashine inaweza kuwasaidia. Ikiwa walikaa bila kazi wiki nzima wakingoja simu, bunduki itawafanya wangoje wiki na siku moja. Mashine haileti wateja.

Wahesabu pia misumari. Kwa miezi mitatu waandike katika daftari walinunua kilo ngapi za inchi 2, ngapi za inchi 3, ngapi za inchi 4, 5 na 6. Ile ya inchi 4 na kuendelea waiweke kando, hiyo ni ya nyundo. Inayobaki ndiyo kazi ya bunduki. Kwa waezekaji ninaowajua mimi, inayobaki si nyingi.

Kama ningekuwa mimi ninayeushika mfuko huo, ningewaruhusu wanunue kompresa peke yake kwa sasa, ya volti 230, tangi la lita 50, nguvu-farasi 2. Kompresa haimtegemei msumari wa mtu. Itapulizia rangi na vanishi kwenye milango wanayoitengeneza wakati wa mvua, itajaza matairi ya bodaboda pale barazani, na kijana mmoja wa nyumbani anaweza kukaa nayo. Oda ya paleti au ya uzio ikija, watakodi bunduki au watainunua kwa malipo ya kwanza ya kazi hiyo, wakijua tayari ni ya nyuzi ngapi. Kabla ya kuichukua kompresa waijaze mpaka ijizime yenyewe, wafunge vali, waende kunywa chai nusu saa. Wakirudi waitazame saa ya msukumo. Ikiwa mshale umeshuka, waiache palepale.